Filamu isiyo na steringi: mapanki, mgongo wazi na swali la utu

MWALIMU mwenzangu wa Homa Bay ana mazoea ya kutualika kwake kila mwisho wa muhula. Tunakutana walimu watano au sita wa Kiswahili, wengine wakitoka Ndhiwa na Rongo, mimi nikitoka Migori. Tunakula, tunabishana kuhusu riwaya teule, kisha kila mtu anashika matatu yake. Safari hii alituambia tusilete vitabu. Alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani na kuazima projekta. Walikuwepo pia dadake, mfanyabiashara wa Isebania ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivuka Sirari kwenda Mwanza kutafuta bidhaa, na jirani yake mmoja mkongwe, mvuvi mstaafu ambaye sote tunamwita Jaduong'.

Filamu tuliyotazama ni Darwin's Nightmare, yake Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria. Ilitoka mwaka wa 2004. Hapa nitaiita Jinamizi la Darwin. Ni filamu ya hali halisi, imepigwa Mwanza, kando ya ziwa hili hili ambalo ukisimama mlangoni pa mwenyeji wetu unaliona likimetameta. Kwa dakika 107 hakuna aliyetoka nje hata kujibu simu. Ilipokwisha, hakuna aliyenyoosha mkono kuwasha taa. Kisha Jaduong' akakohoa, akauliza:

"Sasa japuonj, mbaya hapa ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Nimekuwa nikilitafuna swali hilo tangu usiku ule.

Tusilione kuwa swali la mtu asiyejua sinema. Jaduong' alikuwa akiuliza kwa mujibu wa kanuni tulizofunzwa sote katika vibanda vya video vya miji yetu. Unatoa shilingi zako, unabanwa kwenye benchi, na kabla ya dakika kumi kupita lazima uwe umejua mambo mawili: steringi ni nani, na mbaya ni nani. Steringi hafi. Akifa, watu wanadai pesa zao. Siku hizi DJ Afro ametuwekea sauti yake juu ya filamu za kigeni, anatusimulia kwa Kiswahili cha mtaani, naye anahakikisha hakuna mtazamaji anayepotea njia. Sivibezi vibanda hivyo. Humo ndimo nilimojifunza kwamba hadithi ina mpango wake, kabla sijasikia neno msuko darasani. Ila vilitufunza pia kwamba uovu una mwenyewe, anajulikana kwa kovu na kicheko chake, na akishauawa dakika za mwisho sisi twarudi nyumbani wema kama tulivyokuja.

Lugha yetu nayo imetusaidia kuamini hivyo. Kiambishi u- huchukua nomino ya kiumbe na kuifanya kuwa hali: mzee, uzee, mtoto, utoto, mgeni, ugeni. Uzee si jambo jema wala baya, ni hali tu. Lakini utu umekataa kuwa hali tu. Hatusemi fulani ana utu kwa kuwa anatembea kwa miguu miwili na anaongea. Tunasema ana utu akimtendea mwenzake wema. Yaani Kiswahili kimeshaamua, kabla mimi na wewe hatujafikiri, kwamba kuwa mtu ni kuwa mwema. Na aliyetenda uovu? "Huyo si mtu, ni mnyama." Alichotenda ni unyama. Hesabu inafungwa bila salio: wema wote ni wetu, uovu wote tumewabambikia fisi na nyoka ambao hawana wa kuwatetea. (Neno binadamu ni la uaminifu zaidi kidogo. Limetokana na wana wa Adamu, na ndilo tunalolikimbilia tukitaka kukiri udhaifu: "binadamu ndivyo tulivyo." Sijasikia mtu akisema "watu ndivyo utu wetu ulivyo.")

Sinema iliyoafikiana kabisa na hesabu hii ni ile ya Sharad Patel kuhusu kuinuka na kuanguka kwa Idi Amin, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Amin aliigizwa na marehemu Joseph Olita, mwana wa Siaya, naye aliigiza kwa namna ambayo watu walimtazama kwa hofu hata akiwa mtaani na soda yake mkononi. Niliiona nikiwa mvulana, katika kanda iliyokwisha kukwaruzika. Kuna mahali Amin anafungua friji na ndani yake mna vichwa vya watu. Tulijifunika nyuso. Usiku huo hakuna aliyetaka kwenda msalani peke yake. Lakini nikiifikiria leo naona ilitutisha tu, haikututikisa. Kutisha na kutikisa ni mambo mawili. Ya kutisha inakupa mnyama, unamwogopa, kisha anakimbia nchi na mambo yamekwisha. Hatukuulizwa ni akina nani waliokuwa wakipiga chapa orodha za majina katika ofisi za Amin, wala ni akina nani upande wetu wa mpaka waliotajirika kwa kahawa ya magendo iliyovushwa Chepkube katikati ya miaka ya 1970. Hao hawakuwa na vichwa kwenye friji. Walikuwa na maduka.

The Last King of Scotland, ya mwaka 2006, iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar, ina ujanja zaidi. Inakufanya umpende Amin kwanza, ucheke naye, halafu inakuacha ujishughulikie. Hata hivyo, ni Amin yule yule. Mbaya yupo na anajulikana.

Sasa tazama anachofanya Sauper. Tunaanzia ndani ya mnara wa kuongozea ndege, ambamo mfanyakazi anahangaika kumpiga mdudu kiooni huku ndege ikikaribia kutua. Ni ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin, zinazorushwa na marubani wanaozungumza Kirusi. Zinakuja kuchukua minofu ya sangara kuipeleka Ulaya. Sangara ndiye mbuta wetu, ambaye hakuwemo ziwani zamani. Aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akawamaliza fulu na samaki wengine wadogo. Wanasayansi huhesabu aina zipatazo 200 zilizotoweka, ingawa wengi wao huongeza kwamba uchafuzi wa maji nao ulichangia. Humo ndimo jina la Darwin lilimotoka. Mkubwa amemla mdogo majini, na nchi kavu je?

Basi kutana na watu wa nchi kavu. Meneja wa kiwanda cha minofu ni mtu mpole, ana samaki wa plastiki ofisini anayeimba ukimbonyeza. Wajumbe waliotoka Ulaya wamevaa suti, wanasifu usafi wa viwanda. Marubani wanamwonyesha mgeni picha za watoto wao. Msichana anayeuza mwili wake kwa marubani hao anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania, kwa sauti nzuri, na kabla filamu haijakwisha tunaambiwa ameuawa na mteja. Watoto wa mitaani wanagombania sufuria ya wali, kisha wanayeyusha plastiki za kufungia samaki ili wavute moshi wake walale. Na kuna mlinzi wa usiku, mwenye upinde na mishale ya sumu, ambaye anasema kwa utulivu, karibu na tabasamu, kwamba vita vingekuwa jambo jema kwa sababu jeshi hulipa mshahara mzuri.

Huyo ndiye aliyenitikisa kuliko vichwa vyote vya Amin. Hana chuki na mtu. Ungemkaribisha kwako ungempa kiti. Anapiga hesabu ya maisha, na hesabu yake inamwambia kwamba kufa kwa wengine ndiko kula kwake.

Kisanaa, filamu hii inategemea mbinu moja. Haina sauti ya msimulizi. Kuna maandishi machache tu kwenye kiwambo, na kuna swali. Kutoka nyuma ya kamera, Sauper anamuuliza huyu na yule: ndege hizi zikija zinaleta nini? Mmoja anasema zinakuja tupu. Mwingine anacheka. Mwingine anageuza mazungumzo. Swali linarudi hadi linakuwa kama mtu mwingine aliyeketi chumbani. Karibu na mwisho rubani mmoja, akiangalia chini, anaeleza kwamba aliwahi kupeleka Angola shehena ya vitu kama vifaru, kisha akaelekea Johannesburg kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya. Anasema angependa watoto wote wa dunia wawe na furaha, ila hajui jinsi gani. Macho yake yanalengwalengwa. Wewe mtazamaji unamwamini. Hapo ndipo filamu inapokukaba koo: umemwamini mtu mwema ambaye amebeba silaha za kuua watoto wa wenzake, na wema wake haukuzuia hata kisanduku kimoja kupakiwa.

Kwa hiyo, nadhani wanaosema filamu za aina hii zinatuambia binadamu ni mwovu hawajazitazama vizuri. Jinamizi la Darwin linasema jambo gumu zaidi, kwamba huenda wema upo, tena mwingi, na haufanyi kazi tuliyodhani unafanya. Tulidhani utu ni ukuta. Kumbe ni pazia tu, hewa inapita.

Nacheka kidogo nikikumbuka yaliyoipata Hollywood. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi, sherehe ya Machi 2006. Ikashindwa. Iliyoshinda ni ya Luc Jacquet, March of the Penguins, kuhusu pengwini wa barafuni jinsi wanavyotunza yai, wanavyovumilia baridi na kurudi kwa wenzi wao. Ndege wakapewa tuzo kwa kuwa na utu! Sijui tuandikeje neno unyama baada ya hapo.

Huku kwetu Afrika Mashariki mapokezi yalikuwa mengine. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu hadharani, akakanusha habari ya silaha, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, akitilia shaka uaminifu wa mtengenezaji wake. Sauper akamshtaki, na mwaka wa 2008 mahakama ya Paris ikaamua kwamba amemharibia jina. Mahakama ikihukumu mwandishi haijamaliza kuhukumu filamu. Mimi pia nina shtaka langu, nami nalileta bila wakili.

Ni pale penye mapanki. Minofu ikishatolewa, mifupa na vichwa vya sangara hupelekwa kwenye uwanja mmoja, huanikwa kwenye matundu ya jua, funza wakitambaa, kisha hukaangwa na kuuzwa. Kamera inakaa hapo muda mrefu. Inashuka hadi kwenye funza. Inamwonyesha mama mmoja ambaye jicho lake limeharibiwa na hewa ya mizoga hiyo. Muziki haumo, ni sauti ya nzi. Picha hiyo haitoki akilini, na najua ilikusudiwa isitoke.

Dadake mwenyeji wetu ndiye aliyevunja kimya pale. "Mapanki ndiyo mgongo wazi yetu hiyo," akasema. Kisha akaongeza, kama anayemkemea mtu aliye nyuma ya shuka: "Na mbona hawamfuati huyo mama mpaka nyumbani?"

Mgongo wazi. Msomaji wa mbali, hilo ndilo jina letu la mifupa ya mbuta iliyobakia baada ya kiwanda kuchukua nyama yake, jina la mzaha kama la rinda lililoachwa wazi mgongoni. Viwanda vya minofu vilipoenea upande wa Kenya kuanzia miaka ya 1980, mgongo wazi ulienea navyo. Mimi nimesomeshwa na mgongo wazi. Mama yangu alichuuza omena na samaki wa kukaanga katika soko dogo si mbali na Homa Bay, na mambo yalipokuwa magumu alinunua mgongo wazi, akaukaanga jioni kwa taa ya kandili. Haukuwa na funza. Ulikuwa mtamu, hasa pale penye kichwa. Watoto wa shule wasio na pesa waliandikwa kwenye daftari lake, na wengine, najua, hawakulipa hadi leo. Nikiwa nimeketi gizani mbele ya lile shuka niliona aibu kwa chakula cha mama, kisha nikaona hasira kwa kuona aibu.

Kwa hiyo shtaka langu ni hili. Sauper anawapa marubani picha za watoto wao. Anawapa nafasi ya kuona haya, na haya ni dalili ya utu. Wakaangaji wa mapanki hawapewi haya wala picha wala nyumbani. Wanabaki kuwa mandhari ya kuonyesha jinsi dunia ilivyooza. Katika filamu ambayo nguvu yake yote ni kukataa kuwaita watu wanyama, ni kosa kubwa kuwapiga picha watu wa chini kabisa kana kwamba ni sehemu ya mzoga. Swali la yule mama wa Isebania ni uhakiki tosha. Ukimfuata nyumbani utaona daftari.

Kuna filamu ya kwetu inayojua kufuata mtu nyumbani. Katika Something Necessary, ya Judy Kibinge, iliyotoka 2013, Anne ni muuguzi aliyepoteza mumewe katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zile ambazo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Anarudi kujenga upya shamba lake. Joseph ni kijana aliyekuwemo katika kundi lililomshambulia, na sasa anazungukazunguka karibu na boma hilo akitafuta namna ya kutengeneza alichobomoa. Hakuna friji humo. Kuna kijana mwenye mikono iliyofanya ubaya na ambayo sasa inataka kufanya kazi, na mtazamaji hajui afurahi au apige mayowe. Ni filamu ndogo, na baadhi ya maigizo yake ni makavu, lakini inawagawia wote wawili uso.

Ningependa kuishia hapo, na mgongo wazi wa mama yangu ukiwa umeshinda kesi. Haukushinda. Tulipowasha taa, mwenyeji wetu alituletea ugali na mbuta wa nyanya, sahani moja kubwa katikati. Tulinawa. Mkono wa kwanza ulichelewa kidogo kwenda, jambo ambalo si la kawaida kwa walimu. Tukawa tunasema sema: bei ya mbuta siku hizi, mambo ya Migingo, hawa Waganda. Ndipo mwalimu kijana wa Ndhiwa akasema kwamba Sauper hakuhitaji kwenda Mwanza, angekuja tu hapa kwenye fuo zetu atafute jaboya.

Jaboya hahitaji kuelezwa kwa mtu wa huku. Kwa wengine: ni mvuvi anayempa mchuuzi mwanamke samaki kabla ya wengine, naye mchuuzi anamlipa kwa mwili pamoja na pesa. Samaki walivyopungua ndivyo desturi hiyo ilivyokaza. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliikuta Homa Bay na maambukizi ya HIV ya asilimia 19.6 ya watu wazima, ilhali taifa zima lilikuwa na asilimia 4.9. Jaboya si sababu ya pekee, lakini hakuna anayethubutu kusema haimo.

Jaduong' alikuwa amenyamaza, akichambua mfupa kwa makini kama wafanyavyo wavuvi. Huyu ni mzee ambaye alilipia karo ya mayatima wawili wa nduguye. Msibani ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Hata mimi nilikuwa na wangu. Mjane. Nilikuwa nikitia nanga, ndoo ya kwanza ni yake." Akanyamaza tena. "Mimi niliona namsaidia."

Hakuna aliyemjibu hapo pia. Yule mama wa Isebania aliinuka akaenda kutafuta maji ya kunywa, na maji yalikuwa mezani.

Nikaelewa sasa kwamba aliposema "mbaya hapa ni nani" hakuwa akiuliza kama mtu wa kibanda cha video. Niliona namsaidia: maneno hayo yangeweza kutoka kinywani mwa meneja wa samaki anayeimba, au wa wale wajumbe wenye suti, na kila mmoja angeyasema kwa moyo safi. Filamu ilikuwa imemfikia Jaduong' mahali ambapo haikutufikia sisi wenye shahada.

Nilipanda matatu ya asubuhi kurudi Migori kupitia Rongo, dirishani miwa ikipita, nikitunga kichwani uhakiki huu, hasa ile sehemu ya daftari la mama. Tulipokaribia Rongo nikakumbuka jambo jingine kumhusu. Kulikuwa na siku za ukame wa samaki, wachuuzi wote wa soko letu wakirudi kutoka ziwani na makarai matupu, naye mama, ambaye baba alimwacha mjane akiwa bado kijana, alirudi na karai limejaa. Tulimpokea kwa vigelegele. Tulisema mama yetu ana bidii, mama yetu ana bahati.

Jumapili nilimpigia simu. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu mahindi yaliyoliwa na tumbili, na kuhusu goti lake.